Geuza Pikapu Kwanza, Stika Baadaye

Nazungumzia pikapu za gitaa la umeme, vile vifaa vya sumaku na koili vinavyogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme, si zile za kubebea mizigo. Kazi yangu ni kuzitengeneza na kuzisuka upya koili zikikatika, na hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili: hii ni ya zamani kweli, au ni toleo jipya lililoiga la zamani? Karibu kila anayeuliza ananitumia picha ya stika. Namjibu anitumie picha ya kila kitu isipokuwa stika.

Stika ya Gibson, kampuni ya Marekani ya magitaa, ina kisa chake. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliomba hataza ya pikapu ya koili mbili, ile inayoua mvumo wa umeme. Hataza ikisubiriwa, kiwanda kikabandika maneno PATENT APPLIED FOR, yaani hataza imeombwa, ndiyo asili ya jina PAF. Hataza ilitoka mwaka 1959, namba 2,896,491, lakini stika zile ziliendelea kubandikwa hadi miaka ya mwanzo ya 1960. Zilipobadilishwa, namba iliyochapwa ikawa 2,737,842, ambayo ni ya kishikilia nyuzi cha mpiga gitaa Les Paul, kitu kingine kabisa! Yaani stika ilidanganya ikiwa bado kiwandani. Leo maneno hayohayo yapo kwenye '57 Classic, toleo la kuiga la Gibson wenyewe, na stika za kubandika mwenyewe zinauzwa.

Baada ya stika watu hukimbilia multimita, kifaa cha kupimia ukinzani wa waya. Inasaidia kujua kama koili imekatika, si kujua umri. PAF halisi husoma kuanzia kama kilo-omu 7 hadi 9, kwa sababu usukaji wa enzi hizo haukuishia kwenye idadi moja ya mizunguko. Tena shaba hubadilika na joto, takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Pikapu inayosoma 7.8 kwenye nyuzi 20 itasoma kama 8.1 kwenye nyuzi 30. Nimeona watu wakibishana juu ya tofauti ambayo ni jua tu.

Basi igeuze. Mgongoni mwa PAF kuna skrubu nne zinazoshika bobini, yaani vibao vinavyozungushiwa waya, nazo ni za kichwa cha msalaba. Ukikuta za mfereji mmoja, uliza maswali. Waya wa kutokea ni mmoja uliofunikwa kwa msuko wa chuma. Zikitoka nyaya nne za rangi, umemaliza kazi: si ya zamani. Kisha tazama lehemu iliyoshika kifuniko pande mbili. Ya zamani isiyoguswa imefifia na vumbi limegandana nayo. Inayong'aa maana yake kifuniko kimefunguliwa, na hapo yaliyomo ndani yanaweza kuwa ya yeyote.

Ugumu ni kwamba ushahidi bora uko chini ya kifuniko, na kukifungua ni kuharibu ushahidi wa lehemu, na bei pamoja nayo. Mimi sikifungui cha mtu kwa ajili ya udadisi. Nachomeka gitaa kwenye amplifaya na kugonga kifuniko kwa ukucha. PAF hazikuzamishwa kwenye nta kiwandani, kwa hiyo mlio huo husikika kwenye spika, tok, kama umegonga mlango. Ikikaa kimya, nta imo. Yapo matoleo ya kuiga yaliyoachwa makusudi bila nta, kwa hiyo tok peke yake si cheti. Kifuniko kikiwa kimeshafunguliwa na mwingine, natazama waya: enameli ya zamani ina rangi ya kahawia inayoelekea zambarau, si wekundu unaong'aa wa waya wa poliurethani uliokuja baadaye.

Kwa Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, mambo ni rahisi zaidi, maana ukivua plastiki koili iko wazi. Mpaka wa kukumbuka ni mwaka 1964: kabla yake bamba la chini ni jeusi na waya ni wa Formvar, aina ya mpako wa waya wenye rangi ya dhahabu; baada yake bamba ni la kijivu na waya ni wa enameli, mweusi zaidi unaoelekea zambarau. Vipande vya mpito vipo. Lakini muuzaji akisema 1959 huku koili ni ya zambarau, ama amekosea au imesukwa upya.

Niliwahi kununua pikapu moja ya Stratocaster ya bamba jeusi, yenye Formvar, bamba la juu limepinda kama linavyopinda kwa uzee, sumaku zina kutu. Nililipa kwa furaha. Jioni nikaigeuza chini ya taa: kutu ilikuwa sawasawa juu na chini ya sumaku zote sita. Juu ni sawa, mkono wenye jasho hupita hapo kila siku. Chini, ndani ya mbao, mkono gani ulifika? Na pale nyaya zilipolehemiwa, lehemu ilikuwa inang'aa kama ya jana. Niliilehemu kwenye gitaa langu la mazoezi, na sauti yake, niseme kweli, ni nzuri sana.