Mikahawa tisa kati ya kumi haifi mwaka wa kwanza

Ukisema unafungua mkahawa Marekani, hukosi mtu wa kukuonya kwamba tisa kati ya kumi hufa kabla mwaka haujaisha. Si kweli. Mtafiti H.G. Parsa na wenzake walifuatilia mikahawa ya Columbus, Ohio, kati ya 1996 na 1999, wakakuta takriban asilimia 26 tu ndiyo iliyokoma mwaka wa kwanza. Kufikia mwaka wa tatu ilikuwa kama asilimia 60. Ni mingi, sikatai. Ila humo umo hata mkahawa uliobadilisha mmiliki tu: jiko lilelile, meza zilezile. Tena si wamiliki wote waliofilisika; wapo waliofunga kwa talaka, maradhi, au kuchoka kurudi nyumbani watoto wameshalala.