Mafuta ya mbegu za karoti: kabla hujapaka, jua umenunua yapi

Hapa maabara kwetu swali la mafuta ya karoti haliishi, eti yanang'arisha, eti yanazuia jua. Mimi kwanza nauliza, yapi? Maana dukani jina ni moja ila vitu ni vitatu.

Yale ya rangi ya chungwa ni karoti yenyewe, imekaushwa ikalowekwa kwenye alizeti au nazi, na hiyo rangi ndo beta-karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ya pili yamekamuliwa kwenye mbegu, ni mazito, kazi yake kulainisha ngozi. Ya tatu ndo mafuta tete, mbegu kavu zinapitishwa mvuke, yanatoka ya manjano, kichupa kidogo bei juu, harufu ya udongo na mizizi. Humo kilichojaa ni karotoli, kemikali ya mbegu yenye harufu, beta-karotini haipandi na mvuke, kwa hiyo anayekwambia mafuta tete ya karoti yana vitamini A tele anakudanganya au na yeye kadanganywa.

Haya mafuta tete yanasaidia? Kwenye vipimo vya maabara yanazuia baadhi ya bakteria na fangasi, ila ushahidi kwenye ngozi ya binadamu bado mdogo sana. Usiyapake yenyewe, weka matone 6 hivi kwenye mililita 30 za mafuta ya kawaida kama ya alizeti au nazi, paka kidogo ndani ya kiwiko usubiri siku mbili uone kama patawasha. Mjamzito aache kabisa, mbegu hizi tangu zamani zimetumika kuzuia mimba. Na kama giligilani au selari inakudhuru ujue karoti ni ndugu yao.

La jua naomba nisikilizwe vizuri. Ile SPF (kipimo cha kinga ya jua) 38 mpaka 40 inayozunguka mtandaoni kuhusu mafuta ya karoti chanzo chake ni utafiti wa India wa 2009 uliopima krimu za dukani zenye mchanganyiko wa vitu vingi, sio mafuta ya karoti peke yake. Mtu mwenye ualbino akiamini hiyo namba akaenda shamba anajitafutia saratani ya ngozi, na inauma kwa sababu mafuta yao yapo, Kilisun, mafuta ya kukinga jua, inatengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili yao kabisa. Kofia pana na mikono mirefu pia.

Alafu kuna wanaoenda duka la pembejeo kununua mbegu za karoti wazisage waloweke. Jamani hapana! Angalia zile mbegu, nyingi zina rangi ya pinki au bluu, ile ni dawa ya fangasi ya kulinda mbegu shambani, ukiloweka inaingia kwenye mafuta moja kwa moja mpaka usoni kwako. Ukitaka ya nyumbani tumia karoti yenyewe, ikwangue, ianike kivulini mpaka ivunjike ukiikunja, ndo uloweke, ikibaki na maji mafuta yataota ukungu na hapo ni kumwaga tu.