Ukienda Antaktika, anza na suruali
Kila msimu, kati ya Novemba na Machi, huwa nawapokea wageni melini kule Ushuaia, Argentina. Mara nyingi mgeni hufungua sanduku lililosheheni masweta mazito, lakini suruali ya mvua hana. Roho huniuma, maana najua kitakachompata tukishavuka Mlangobahari wa Drake, ile bahari yenye mawimbi makali kati ya Amerika Kusini na Antaktika.

Kiangazi kwenye Rasi ya Antaktika, joto huwa karibu na nyuzi 0. Ukiwa mkavu, baridi hiyo inavumilika. Kinachotesa ni maji, kwa sababu huchota joto la mwili kwa kasi takriban mara 25 ya hewa. Na maji yatakufikia tu: boti ya mpira inayotupeleka nchi kavu haina paa, unakaa ubavuni mwake, mawimbi yanakurushia maji mapajani. Mkifika, unashukia majini, kisha ndiyo utembee hadi ufukweni.

Kwa hiyo fedha yako iweke kwenye suruali isiyopenya maji, pana, ya kuvaliwa juu ya nyingine, na miguu yake ishuke nje ya gambuti. Mgeni mmoja aliichomeka ndani. Wimbi moja lilipompiga, maji yalitiririka yakajaa kwenye gambuti, na alipolivua melini vidole vyake vilikuwa vyeupe kama nta.

Gambuti zenyewe meli nyingi huazimisha, na jaketi la nje baadhi hukupa kabisa. Uliza kabla hujanunua. Chagua gambuti utakalochezesha vidole ndani yake. Soksi mbili nene zikibana, damu haipiti vizuri na miguu inazidi kupoa.

Ndani vaa fulana na suruali ya kubana ya sufu laini au polista. Pamba iache, ikishanywa jasho haikauki. Juu yake sweta moja ya flisi, kile kitambaa chepesi chenye manyoya laini, na nyingine ya akiba. Melini kuna joto la kutosha.

Glavu vaa mbili: nyembamba ndani, kubwa isiyopenya maji juu, ili ukipiga picha uvue ile kubwa tu. Betri za kamera zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani baridi huzimaliza upesi.

Kabla ya kushuka tunakagua kila kitu. Huwa nashika kibano, nachomoa mbegu za majani zilizonasa kwenye velkro, vile vifungio vya kunatana, moja baada ya nyingine, maana mbegu ngeni haitakiwi kufika kule. Safisha zipu na mifuko ungali nyumbani. Pia, kwa sababu ya mafua ya ndege, hairuhusiwi kukaa, kupiga magoti wala kuweka begi chini karibu na wanyama. Begi la mgongoni liwe dogo, lisilopenya maji.

Theluji huakisi jua, hivyo krimu paka hadi chini ya kidevu, na miwani ya jua usisahau. Vidonge vya kichefuchefu vimeze tungali kwenye Mlangobahari wa Beagle, tunaopitia tukitoka Ushuaia, maji yakiwa shwari. Ukisubiri Drake ianze kuyumbisha meli, tumbo litavirudisha.