Mpira wa puani hauondoi hatari ya kupaliwa

Ndugu wengi wa wagonjwa wa kiharusi huamini kwamba mgonjwa akishawekewa mpira wa kulishia, unaopita puani hadi tumboni, hawezi tena kupaliwa. Sivyo. Mpira hupitisha chakula tu. Mate yenye vijidudu bado huteleza kwenye njia ya hewa, na uji ulio tumboni unaweza kupanda kisha ukaingia mapafuni, ukaleta nimonia.

Kwa hiyo mwinue kichwa na kifua nyuzi 30 hadi 45 anapolishwa, abaki hivyo dakika 30 hadi 60 baadaye. Kwanza tazama alama iliyo kwenye mpira pale unapoingia puani: ikiwa imesogea, au mgonjwa anakohoa, usimimine chochote, mwite muuguzi. Msafishe kinywa kila siku hata kama hali chakula kwa mdomo. Hili husahaulika mno. Uji uchujwe, na maji ya kusafisha mpira, kama mililita 30, yapite kabla na baada, la sivyo utaziba.

Wengi wenye kiharusi hurudiwa na uwezo wa kumeza ndani ya wiki chache. Lakini kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau uliofikia hatua za mwisho, mpira haujaonekana kurefusha maisha. Kumlisha kwa kijiko, taratibu, ndiko kunakopendekezwa.