Kelele ya ekzosi si nguvu

Wengi huamini kwamba ukifunga ekzosi ya wazi, pikipiki inaongezeka nguvu. Kinachoongezeka kwa hakika ni kelele. Bomba hupimwa urefu na upana ili mawimbi ya msukumo wa moshi yasaidie kuvuta hewa mpya kwenye silinda. Ukilikata ovyo, mara nyingi pikipiki hulegea injini ikizunguka polepole, pale pale unapohitaji kupanda mlima. Tena, petroli gramu 1 huhitaji hewa gramu 14.7 hivi ili iungue yote. Ukifungua ekzosi na chujio la hewa bila kubadilisha jeti ya kabureta, yaani kitundu kinachopima petroli inayoingia, hewa huzidi. Fungua plagi inayotoa cheche uitazame: ncha iliyopaswa kuwa ya kahawia imekuwa nyeupe. Injini hiyo inachemka, tafadhali usiendelee kuipeleka hivyo.