Gari la kuchinja: maana yake, na jinsi ya kulitofautisha na gari la kufufua

Gari la kuchinja ni gari ambalo halitarudi tena barabarani, na thamani yake imebaki kwenye vipuri. Linafunguliwa kipande kwa kipande, vinavyofaa vinauzwa au kuwekewa gari jingine la aina hiyohiyo, na mabaki yanakwenda kwenye chuma chakavu. Gari la kufufua ni lile linalotengenezwa hadi litembee tena likiwa karibu na lilivyotoka kiwandani. Gari la kale lililoliwa na kutu linaweza kuwa lolote kati ya hayo, na wengi hukosea kwa sababu wanaanza na injini. Injini ikiwaka wanasema gari ni zima. Ikigoma wanasema limekufa. Lakini injini inafungwa kwa bolti chache tu na inaweza kubadilishwa, tena hata iliyokwama mara nyingi hulegea ukitoa plagi, ukamimina mafuta ya kulegeza nati ndani ya silinda, ukaacha siku kadhaa na kuizungusha taratibu kwa spana, si kwa stata. Kinachoamua ni bodi.

Kutu yenyewe si ya aina moja. Ile ya juujuu, inayobadili rangi ya chuma tu, inaisha kwa brashi ya waya na praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma. Ya pili inabanduka magamba na kuacha vishimo. Hapo bati limepungua unene, na kwa kuwa bati la bodi huwa karibu milimita 0.8 hadi 1 tangu likiwa jipya, vishimo hivyo vinatosha kulifanya litoboke mara moto wa kuchomelea ukiligusa. Ya tatu ni tundu. Tundu la upana wa kidole kwa nje kwa kawaida lina eneo pana zaidi lililooza kwa ndani, kwa sababu kutu nyingi huanzia mahali maji na tope vinapokaa bila kuonekana: ndani ya vizingiti vya chini ya milango, chini ya mazulia, na kwenye maungio ya mabati mawili. Kutu huvimba na kuchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana maungio hayo huachana na rangi kufura hata kabla tundu halijatokea.

Swali linalofuata ni gari limejengwaje. Gari lenye chasisi ya peke yake, bodi ikifungwa juu yake kwa bolti, linavumilia uozo mwingi zaidi, kwani bodi inanyanyuliwa na chasisi inatengenezwa au kubadilishwa. Land Rover za mwanzo, zilizotoka mwaka 1948, zina mabati ya aluminiamu juu ya chasisi ya chuma, kwa hiyo nje zinaweza kuonekana salama huku chasisi, hasa boriti yake ya nyuma inayokingama, na ukuta wa mbele unaotenga injini na abiria vimekwisha. Hata hivyo chasisi mpya zilizochovywa zinki zinapatikana, na gari kama hilo halichinjwi kirahisi. Volkswagen Beetle iko katikati: sakafu yake inafunguka kwa bolti, lakini mifereji ya hewa ya moto iliyo chini ya milango ndiyo inayoipa bodi nguvu, na huoza kutoka ndani. Kwa Mini na magari mengi ya kawaida, bodi yenyewe ndiyo chasisi. Kizingiti, sakafu na sehemu zinaposhikwa springi vikioza kwa pamoja, gari limepoteza umbo, si urembo tu.

Kukagua hakuhitaji vifaa vya ghali. Sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba, ipitishe kwenye fenda, vizingiti na sehemu za chini za milango. Kwenye bodi ya chuma, mahali isiposhika pana puti nene, ile lahamu ya kuzibia mabonde kabla ya rangi, na chini ya puti mara nyingi pana kutu. Ukipata kipimo cha unene wa rangi, rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya maikroni 100 na 200. Ukiona 1,000 unapima puti. Kisha kaa chini ya gari na bisibisi, ukibonyeza kwa nguvu kiasi. Chuma kizima kinalia kikavu, kilichooza kinanyamaza na kuingia ndani. Mwenye gari akikataza bisibisi, hilo nalo ni jibu.

Jaribio lenye maana kuliko yote ni la jeki. Funga milango, tazama mwanya uliozunguka kila mlango, kisha nyanyua gari kwa jeki penye sehemu yake ya kiwandani. Mwanya ukibadilika au mlango ukigoma kufunguka, bodi inakunjika. Jeki ikizama kwenye kizingiti, jaribio limekwisha. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, weka stendi. Pima pia mishazari ya chini kutoka tundu moja la kiwandani hadi jingine, kulia na kushoto. Tofauti inayozidi milimita chache inaashiria ajali ya zamani au bodi iliyolala, na hapo utahitaji benchi ya kunyooshea kabla hujakata chochote.

Tundu la sakafu lenye ukubwa wa kiganja ni kazi ndogo: unakata hadi chuma kizima, sentimita mbili au tatu kupita kutu, unakata bati jipya, unalichomelea kwa nukta zinazorukiana ili joto lisilipinde. Kizingiti ni kazi nyingine kabisa. Magari mengi yana tabaka la nje, la ndani na jingine la katikati la kuongeza nguvu, na kabla ya kukata lazima uchomelee mihimili ya muda katika nafasi ya mlango, la sivyo bodi inalala na mlango hautafunga tena. Kinachoharibu kazi nyingi ni kuchomelea bati jipya juu ya lililooza. Unaonekana umemaliza, kumbe umetengeneza mfuko wa maji. Kutu inarudi, safari hii ikiwa na mabati mawili ya kula. Ufufuaji kamili hadi bati tupu unaweza kula saa 1,000 za kazi, na sehemu kubwa ya saa hizo ni ya bodi.

Baada ya bodi, tazama kisichopo. Breki, bearingi na gasketi hupatikana kwa magari mengi ya kale. Vinavyoua mradi ni vitu vidogo ambavyo havitengenezwi tena: fremu ya kioo cha mbele, mapambo ya kromu, saa za dashibodi, vitasa, kioo cha nyuma chenye mkunjo wake. Gari lenye kutu lakini kamili ni bora kuliko gari safi lililonyofolewa. Na aina ya gari hubadilisha hukumu: bodi nzima mpya za MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, zilianza kutengenezwa upya mwaka 1988, kwa hiyo MGB iliyooza kabisa lakini yenye vifaa vyote na nyaraka bado ina njia. Gari adimu lisilo na mabati mapya sokoni lina njia moja, fundi bodi anayeweza kuyaunda kwa mkono.

Hesabu basi inakuwa hivi. Upande mmoja weka bei ya gari kama hilo likiwa limekamilika, toa bati, rangi, kromu, viti na saa za kazi, zako zikiwemo. Upande wa pili weka bei ya vipuri, lakini si vyote. Vioo, taa, mapambo, giaboksi na difu vinapata wanunuzi. Milango iliyooza chini na rejeta iliyotoboka vitakaa stoo miaka. Vigawe kwa uaminifu. Kama pande zote mbili ni hasara, kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau: liuze zima, au lizuie kutu isiendelee na ulihifadhi lilivyo. Njia mbaya kuliko zote ni kulifungua nusu kabla ya kuamua, maana gari lililotawanywa kwenye maboksi halinunuliwi na anayefufua wala anayechinja.

Ukiamua kuchinja, ondoa betri kwanza, kisha mafuta ya injini, maji ya rejeta, mafuta ya breki na petroli. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu ya mvuke, kwa hiyo usikaribishe grinda wala moto. Lainingi za zamani za breki na klachi zinaweza kuwa na asbesto. Zilowanishe, usizipulize kwa hewa. Toa vioo mapema kwa kukata mpira, maana mpira unanunulika na kioo hakirudi. Waya zitoke zikiwa fungu zima, kila plagi ikiwa na lebo. Bodi usiikate haraka: nguzo ya mlango au kona ya paa iliyo salama inaweza kuwa ndicho kipande ambacho mfufuaji mwingine anakitafuta.

Namba ya chasisi haiuzwi kama kipuri. Kuihamishia gari jingine ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na gari lililochinjwa linapaswa kufutwa kwenye usajili kabla mabaki hayajaondoka.