Alfa ya zamani uwanjani: maneno ya kijiwe na ukweli wa gereji

Ukitaka fundi wa Land Cruiser, Arusha umefika. Magari ya watalii yamewapika mafundi wa hapa: jioni linaingia limevunjika springi, alfajiri linarudi Ngorongoro. Kwa hiyo siku nilipoliingiza mtaa wa Unga Limited gari langu la Kiitaliano la mwaka 1973, nikasema nataka kuliandaa kwa kukimbiza kwenye uwanja wa lami, sikupungukiwa washauri. Hata kijana wa kuuza kahawa alikuwa na lake. Nimehangaika na gari hilo miaka sasa, na nilichokuja kugundua ni kwamba wale hawakuwa wakinidanganya. Walikuwa wakiniambia ukweli wa gari jingine.

Lenyewe ni Alfa Romeo GT Veloce ya lita mbili, umbo alilolichora Giorgetto Giugiaro alipokuwa Bertone. Kemshafti mbili juu ya hedi, zinazungushwa kwa cheni. Bloku na hedi zote alumini. Kabureta mbili za Weber, gia tano, breki za diski miguu yote minne. Nililikuta Moshi, Shanty Town, chini ya mwembe, kuku wakilalia siti ya nyuma.

"Magari ya Waitaliano mabovu, hayana uvumilivu"

Hili nalisikia kila wiki. Familia ya injini hii ilianza na Giulietta mwaka 1954 na ilikuwa bado inafungwa kwenye Spider miaka ya 1990 ilipoingia. Kiwanda hakibaki na injini mbovu kwa muda wote huo. Ndugu yake aliyepunguzwa uzito, GTA, alitwaa ubingwa wa Ulaya wa magari ya abiria mwaka 1966 na 1967. Na kama mtu anataka mfano wa hukuhuku kwetu, Safari Rally ya 1988 na ya 1989 dereva Miki Biasion alizishinda kwa Lancia Delta, Mtaliano mwingine, kwenye mawe na matope ya Kenya, si kwenye lami ya Milano.

Palipo na hoja ni kwenye kutu. Bodi za miaka ile zinaliwa, na zinaliwa kwa ndani, mahali ambapo rangi haikufika. Langu nililipiga bisibisi kwenye kingo za chini ya milango ikazama kama kwenye andazi. Kabla hujanunua hata plagi, kagua bodi. Injini inafufuka, ila chasi iliyooza ukiipeleka uwanjani unahatarisha roho yako.

Halafu kuna suala la kusimama. Gari likikaa miaka kumi, mipira ya breki inakauka, rejeta inaziba, mafuta ya petroli yanageuka gundi ndani ya kabureta. Siku likiwashwa kila kitu kinavuja, na watu wanasema: si tuliwaambia, Mtaliano huyo! Hata Corolla ukiiweka chini ya mwembe miaka kumi itafanya vilevile.

"Toa themostati, huku kwetu joto"

Sijui ushauri huu ulianzia wapi, ila umeenea gereji zote kuanzia Sakina mpaka Tengeru. Gari likichemsha, la kwanza ni kung'oa themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kuitupa.

Kwanza, joto lipi? Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai unatetemeka ndani ya sweta. Injini isiyo na themostati asubuhi hiyo inachukua muda mrefu mno kupata moto wake. Oili inabaki nzito, petroli inaosha kuta za silinda, ringi zinalika. Pili, injini nyingi zina njia ya mkato ambayo maji hupitia wakati bado ni baridi, yasiende kwenye rejeta. Kwenye zile ambazo themostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia hiyo, ukiitoa unaiacha wazi: sehemu ya maji ya moto inarudi moja kwa moja kwenye injini bila kupoa. Umetoa kifaa ili gari lipoe, umelichemsha.

Hatari yetu hasa ni mwinuko. Kwenye mita 1,400 maji ya chai yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Kinachookoa injini ni mgandamizo ndani ya mfumo, na mgandamizo unashikwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima unaobana baa 0.9 unasogeza kuchemka mpaka karibu nyuzi 115. Ukichoka mpira wake, yote hayo yanapotea, na utanunua rejeta mpya bure. Mfuniko ni hela ndogo. Ndio ninaoanza nao kila mara, kabla sijagusa kingine.

Na maji ya bomba matupu? Kwa injini ya chuma utasogeza siku. Kwa alumini unajenga kiwanda cha uchafu mweupe ndani ya hedi. Tia kipoozi chenye dawa ya kuzuia kutu. Ila ukienda uwanjani uliza kwanza, maana viwanja vingi vinakataa glaikoli iliyomo kwenye kipoozi: ikimwagika kwenye kona inateleza kama sabuni. Hapo unatumia maji yaliyochujwa na dawa ya kutu peke yake.

"Silinda zikilika, peleka ukatanue"

Hapa ndipo nilipolia. Mafundi wetu wamezoea bloku ya chuma, mathalani ya injini ya 1HZ ya Land Cruiser: silinda zikichakaa, bloku inakwenda mashine, inatanuliwa, unafunga pistoni za saizi ya juu, maisha yanaendelea. Ni kazi nzuri na inafanyika vizuri hapahapa mjini.

Alfa haiko hivyo. Ndani ya bloku ya alumini zimesimamishwa slivu nne za chuma, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, na maji ya kupooza yanazizunguka zenyewe. Chini kila moja ina ringi ya mpira ya kuzuia maji yasishuke kwenye oili. Juu zinabanwa na hedi, basi. Zikichakaa hutanui kitu: unanunua seti, slivu na pistoni na ringi zake, unazibadilisha bloku ikiwa mezani kwako. Kwa mtu anayekimbiza gari hiyo ni neema, maana bloku ile ile unaitumia miaka na miaka.

Neema hiyo ina sharti lake. Nilipofungua hedi mara ya kwanza nilitaka kuzitazama pistoni moja moja, nikashika spana nikazungusha krenki. Pistoni zikapanda, na slivu mbili zikapanda nazo kidogo, pengine unene wa kucha. Sikuona tatizo. Nikazigonga taratibu kwa mbao zikarudi, nikafunga hedi. Baada ya wiki nachomoa kijiti cha oili, naona rangi ya chai ya maziwa. Mipira ya chini ilikuwa imehama. Ilibidi injini yote ishuke.

Kwa hiyo hedi ikitoka tu, slivu zinabanwa papo hapo kwa nati na vipande vya bomba juu ya stadi zilezile za hedi, kabla mtu hajagusa krenki. Na kabla ya kufunga unapima: slivu inatakiwa ichomoze juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo sana ya milimita, zote nne zikilingana. Ikizama, gasketi haitashika hata uibane kwa nguvu za Samsoni.

Jambo moja la pembeni, nalisema kwa sababu nimeona vijana gereji wakichonga patasi kwa valvu kuukuu. Valvu za ekzozi za injini hii zina sodiamu ndani, iliwekwa ili kusafirisha joto. Sodiamu ikikutana na maji inalipuka moto. Valvu hizo usizikate wala usizisage.

"Ongeza jeti, likohoe moto"

Kabureta ya Weber inapendwa kwa sababu kila kitu ndani yake kinabadilishika, na hicho ndicho kinachoiponza. Mtu akiona gari limechoka kupanda, anatafuta jeti kubwa zaidi, yaani kile kitundu kinachopitisha petroli.

Hesabu inakwenda kinyume. Hewa ya Arusha ni nyepesi kwa kama asilimia 13 kuliko ya Tanga. Injini ya nguvu farasi 130 hivi pwani, hapa ina kama 113, na hakuna bisibisi itakayorudisha zilizopotea. Hewa imepungua lakini kabureta haijui, inaendelea kumwaga petroli karibu kama ilivyokuwa. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinakuwa nyeusi, gari linakohoa. Dawa ni kupunguza. Namba ya jeti ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani 130 ni milimita 1.30. Kwa mwinuko wetu, aliyekuwa na 130 usawa wa bahari anaanzia kama 125, kisha anasoma rangi ya plagi. Kahawia ya karanga zilizokaangwa, hapo pazuri. Na ukilipeleka gari kukimbia Tanga au Dar, rudisha zile kubwa, maana mchanganyiko mwepesi kule chini unatoboa pistoni.

Kuna na wanaotoa kisafisha hewa ili "linuse vizuri", mabomba ya kabureta yakiwa wazi kama tarumbeta. Picha inapendeza. Vumbi letu la majivu ya volkano halijali picha: linaingia na kusaga ringi kama msasa. Uwanjani penyewe kuna wanaotoka kwenye lami mbele yako na kukurushia udongo. Weka kisafishio.

"Breki ikizama, pedi zimeisha"

Pedi zinaweza kuwa mpya na pedali ikagusa sakafu. Breki hufa kwa njia mbili, na mguu unazitofautisha. Pedali ikiwa ngumu lakini gari halisimami, pedi zimepita joto lake. Pedali ikiwa laini kama sifongo, mafuta ya breki yamechemka, na mvuke unabonyea.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hata gari likiwa limeegeshwa. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yahimili angalau nyuzi 230; yakishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa kinashuka mpaka 155. DOT 3 ni 205 na 140. Ukishuka kutoka Ngaramtoni kwenda mjini hutafikia joto hilo. Mizunguko mitano ya nguvu uwanjani unafika bila kujua, na unajulishwa kwenye kona. Mimi namwaga yote na kutia mapya kabla ya kila safari ya kuvuka mpaka wa Namanga kwenda uwanjani, hata kama ya zamani yanaonekana masafi kama maji ya Uhai. DOT 5 ya silikoni iache, kwa joto hilo inabonyea.

Na ukitoka uwanjani usivute breki ya mkono. Zungusha mzunguko mmoja wa polepole, egesha, weka gogo chini ya tairi.

Mengine ya harakaharaka

Kukata springi ili gari "lilale": fundi akitumia gesi ameua ugumu wa chuma pale alipounguza. Hata ukikata kwa msumeno, mkono wa chini wa mbele, ule unaoshika gurudumu, unatakiwa uteremke kidogo kuelekea gurudumu. Ukilalisha gari mpaka mkono huo unatazama juu, linainama zaidi kwenye kona kuliko lilipokuwa refu. Shusha kiasi, tia shokapu zinazolingana na springi.

Tairi "bado zina meno": soma namba nne ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokakamaa kwa jua haushiki lami hata ukiwa na meno kama mamba, na tairi za mtumba ndizo zinazowaponza vijana wengi.

Ekzozi ya kelele: inaleta kelele.

"Gia ya pili inakwaruza, gia boksi imekwisha"

Hili lilinigharimu usingizi. Kila asubuhi, kutoka ya kwanza kwenda ya pili, krrr. Mafundi watatu waliniambia nishushe gia boksi. Mmoja alishatandika turubai.

Gia ya pili ya magari haya inasifika kwa uchovu. Oili ya gia ikiwa baridi, sinkronaiza yake, inayolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia, haishiki vizuri. Asubuhi nasubiri pale kwenye nyutro sekunde moja, naingiza bila kusukuma, na kilomita tano za kwanza siliharakishi gari. Uwanjani, gia boksi ikishapata moto, inaingia kama kisu kwenye parachichi. Ikikwaruza ikiwa ya moto, hapo ndipo unaanza kutafuta spea.

Nilimpigia simu mzee wa Shanty Town aliyeniuzia, nikamwamkia, nikamweleza mlio wenyewe. Akauliza, "Ni ya pili, asubuhi?" Nikamwambia ndiyo, mzee. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hiyo ilikuwa inakwaruza hivyohivyo nilipokuwa nampeleka mama yako mkubwa hospitali kujifungua. Na huyo mtoto sasa ana wajukuu."